Masomo ya Kiskandinavia

Masomo ya Kiskandinavia (pia: Skandinavistiki) ni taaluma ya chuo kikuu inayochunguza lugha, fasihi, historia na utamaduni wa nchi za Skandinavia, yaani Denmark, Norwei na Uswidi, pamoja na Aislandi na Visiwa vya Faroe. Ufini huingizwa mara nyingi kwa sababu ya historia yake ya pamoja na Uswidi, na kwa sababu Kiswidi ni mojawapo ya lugha zake rasmi. Kifini chenyewe si lugha ya Kiskandinavia. Kimo katika familia ya lugha za Kiurali, sawa na lugha za Wasami wanaoishi kaskazini mwa Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi.

Katika nchi zenyewe somo hili huitwa kwa kawaida "nordisk" au "nordiska språk", yaani lugha za Kaskazini, na wanaolisoma wengi ni wazawa wanaojiandaa kuwa walimu, wahariri au watafiti. Nje ya Skandinavia, kwa mfano Ujerumani, Uingereza na Marekani, mwanafunzi huanza na lugha asiyoijua kabisa, kisha hujenga juu yake fasihi na historia.

Lugha zinazosomwa

Lugha za Skandinavia ni tawi la kaskazini la lugha za Kigermanik. Kwa hiyo ni ndugu wa Kijerumani, Kiholanzi na Kiingereza. Zote zimetokana na Kinorsi cha Kale, lugha iliyosemwa wakati wa Waviking. Leo zinahesabiwa katika makundi mawili:

- Lugha za bara: Kiswidi (wasemaji takriban milioni 10), Kidenmark na Kinorwei (kila moja wasemaji kati ya milioni 5 na 6).
- Lugha za visiwani: Kiaislandi (wasemaji wasiofikia nusu milioni) na Kifaroe (makumi ya maelfu tu).

Lugha tatu za bara zinakaribiana sana. Tuchukue maneno mawili. "Kitabu" ni "bog" kwa Kidenmark, na "bok" kwa Kinorwei na Kiswidi. "Jina" ni "navn" kwa Kidenmark na Kinorwei, na "namn" kwa Kiswidi. Kiaislandi husema "bók" na "nafn". Kwa sababu hiyo mwanafunzi aliyejifunza lugha moja ya bara vizuri huweza, baada ya mazoezi, kusoma nyingine mbili pia. Vyuo vingi hujenga ratiba juu ya jambo hili: mwanafunzi huchagua lugha moja ya kusema na kuandika, kisha hupewa matini za lugha nyingine azisome na kuzielewa.

Ukaribu huo una mitego yake. Neno "rolig" kwa Kidenmark na Kinorwei lina maana ya "tulivu", lakini kwa Kiswidi maana yake ni "ya kuchekesha" au "ya kufurahisha". Neno "frokost" kwa Mnorwei ni chakula cha asubuhi, kwa Mdenmark ni chakula cha mchana. Watu wawili waliopatana kukutana kwa "frokost" wanaweza kupishana kwa saa kadhaa.

Kwa msemaji wa Kiswahili baadhi ya mambo ya sarufi si mageni. Nomino zimegawanyika katika jinsia, mbili kwa Kidenmark na Kiswidi sanifu, tatu kwa Kiaislandi na kwa sehemu kubwa ya Kinorwei, na vivumishi hupatana nazo kama vivumishi vya Kiswahili vinavyofuata ngeli. Tofauti ni kwamba alama nyingi hukaa mwishoni mwa neno. Kwa Kiswidi "bok" ni kitabu chochote, na "boken" ni kitabu kile kinachojulikana. Vitenzi vya lugha za bara ni vyepesi, kwa kuwa havibadiliki kulingana na nafsi.

Ugumu uko kwenye matamshi. Kiswidi na Kinorwei zina toni mbili zinazoweza kutofautisha maana. Kwa Kiswidi "anden" kwa toni moja ni "bata yule", kwa toni nyingine ni "roho ile". Mahali pa toni Kidenmark kina "stød", yaani mkatiko mfupi wa sauti kooni, unaotenga "hun" (yeye, mwanamke) na "hund" (mbwa). Hesabu za Kidenmark nazo hutoa jasho. Hamsini ni "halvtreds", neno lililofupishwa kutoka usemi wenye maana ya "mbili na nusu mara ishirini".

Historia ya taaluma

Vyuo vikuu vya kale zaidi vya eneo hilo ni Uppsala (1477) na Copenhagen (1479), lakini kwa karne nyingi vilifundisha kwa Kilatini. Lugha za wananchi hazikuhesabiwa kuwa elimu.

Msingi wa kwanza uliwekwa na wakusanyaji wa miswada. Árni Magnússon (1663-1730), Mwaislandi aliyekuwa profesa Copenhagen, alikusanya ngozi zilizoandikwa kwa mkono kutoka mashamba ya Aislandi, baadhi zikiwa zimeanza kutumiwa kwa kazi nyingine za nyumbani. Moto ulioteketeza sehemu kubwa ya Copenhagen mwaka 1728 uliunguza vitabu vyake vingi, ila sehemu kubwa ya miswada iliokolewa. Aislandi ilikuwa wakati ule chini ya mfalme wa Denmark. Baada ya kujitawala, Waaislandi walidai miswada yao irudi nyumbani. Baada ya mabishano marefu Denmark ilikubali, na tarehe 21 Aprili 1971 meli ilifika Reykjavík ikiwa na miswada miwili ya kwanza. Kazi ya kurudisha iliendelea hadi 1997. Mwaka 2009 mkusanyo huo, uliogawanywa kati ya Reykjavík na Copenhagen, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Kisa hiki hutajwa mara nyingi panapojadiliwa urejeshaji wa mali za kale zilizochukuliwa kutoka Afrika na kwingineko.

Msingi wa pili ni isimu linganishi. Mdenmark Rasmus Rask (1787-1832) alitoa sarufi ya Kiaislandi mwaka 1811, na mwaka 1818 kitabu kuhusu asili ya lugha hiyo. Alionyesha kwamba sauti za lugha ndugu hutofautiana kwa utaratibu. Mahali penye "p" katika Kilatini, Kiaislandi kina "f". Penye "t" kina "þ" (kama "th" katika "thelathini"). Penye "k" kina "h". Kwa hiyo Kilatini "pater" (baba) ni "faðir", "tres" (tatu) ni "þrír", na "cornu" (pembe) ni "horn". Mjerumani Jacob Grimm aliipanua hoja hiyo mwaka 1822. Njia hiyohiyo ya kulinganisha sauti ndiyo iliyotumiwa baadaye kuthibitisha undugu wa lugha za Kibantu.

Nafasi ya profesa wa lugha za Kaskazini ilianzishwa Copenhagen mwaka 1845 na Uppsala mwaka 1859. Nchini Marekani, walikohamia Waskandinavia wengi katika karne ya 19, Rasmus B. Anderson aliteuliwa kuwa profesa wa lugha za Skandinavia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1875. Chama cha wasomi wa fani hii nchini humo kiliundwa mwaka 1911.

Mfano wa Norwei na upangaji lugha

Mada moja inayosomwa karibu kila mahali ni historia ya maandishi ya Kinorwei. Norwei ilikuwa chini ya Denmark hadi 1814, na lugha ya maandishi ilikuwa Kidenmark. Baada ya hapo njia mbili zilifuatwa. Wengine walibadilisha Kidenmark polepole kikaribie usemi wa mijini. Huo ndio mwanzo wa "bokmål". Ivar Aasen (1813-1896), mtoto wa mkulima aliyejisomea mwenyewe, alizunguka vijijini akikusanya lahaja, akatunga juu yake lugha mpya ya maandishi inayoitwa leo "nynorsk". Mwaka 1885 bunge liliamua kuwa zote mbili ziwe na hadhi sawa, na hali hiyo inaendelea. Nynorsk hutumiwa na watu wachache kuliko bokmål, lakini Jon Fosse, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2023, huandika kwa nynorsk.

Einar Haugen (1906-1994), mtoto wa wahamiaji Wanorwei aliyefundisha Wisconsin na kisha Harvard, alitumia mfano huu kuunda nadharia ya upangaji lugha. Alitaja hatua nne: kuteua lahaja, kuisanifu kwa sarufi na kamusi, kuieneza shuleni na ofisini, na kuipanulia msamiati. Hatua hizo zinaeleza vizuri pia historia ya Kiswahili Sanifu. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanzishwa mwaka 1930 kukisanifu.

Kuhusu kupanua msamiati, Waaislandi hupendelea kutumia mali yao wenyewe. Kompyuta kwao ni "tölva", neno lililounganishwa kutoka "tala" (namba) na "völva" (mwanamke mtabiri). Simu ni "sími", neno la kale lililokuwa na maana ya uzi. Mjadala huu unafanana na ule wa Kiswahili kati ya "kompyuta" na "tarakilishi".

Fasihi na utamaduni

Sehemu ya kale ina masimulizi ya Aislandi yanayoitwa saga, na Edda ya Snorri Sturluson (1179-1241), ambayo ni chanzo kikuu cha habari za miungu ya kale ya Kaskazini. Karne ya 19 ina hadithi za H. C. Andersen, falsafa ya Søren Kierkegaard, na tamthilia za Henrik Ibsen na August Strindberg. Mwaka 1909 Selma Lagerlöf wa Uswidi alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Tuzo hiyo hutolewa na Chuo cha Uswidi, taasisi iliyoundwa mwaka 1786, ambayo mwaka 2021 ilimtunuku Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar.

Somo halihusu mambo ya kusifiwa tu. Wanafunzi husoma pia ushiriki wa Denmark katika biashara ya watumwa, pamoja na ngome yake ya Christiansborg katika Ghana ya leo, na jinsi Wasami walivyozuiwa kutumia lugha zao shuleni. Vitabu vya Karen Blixen, Mdenmark aliyelima kahawa karibu na Nairobi kuanzia 1914 hadi 1931, husomwa kwa jicho la namna hiyo. Wapo wanaosifu uandishi wake, na wapo waliomkosoa vikali kwa jinsi alivyowaonyesha Waafrika, miongoni mwao Ngũgĩ wa Thiong'o.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Mawazo ya N. F. S. Grundtvig (1783-1872) yalizaa vyuo vya wananchi nchini Denmark, cha kwanza kikiwa Rødding mwaka 1844. Watu wazima wa vijijini walisoma humo bila mitihani. Mtindo huo ulienea Uswidi, na kutoka huko Tanzania ilichukua wazo la Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1975. Kabla ya hapo, mradi wa pamoja wa nchi za Kaskazini na Tanganyika ulijenga kituo cha elimu, afya na kilimo kilichokuja kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Mmisionari na mwanahistoria Mswidi Bengt Sundkler alikuwa askofu wa Kilutheri Bukoba kuanzia 1961 hadi 1964.

Je, kuna haja ya kujifunza lugha hizi wakati Waskandinavia wengi wanajua Kiingereza vizuri? Kwa mtalii jibu ni hapana. Kwa mtafiti jibu ni tofauti. Barua za wamisionari, taarifa za miradi na mijadala ya bunge kuhusu misaada viliandikwa kwa Kiswidi, Kinorwei na Kidenmark kwa ajili ya wasomaji wa huko. Sehemu hiyo ya historia ya Tanzania na Kenya hubaki imefungwa kwa asiyezisoma, naye hulazimika kutegemea yale ambayo wengine wamechagua kumtafsiria.

Kusoma katika nchi zenyewe

Shahada ya kwanza huchukua kwa kawaida miaka 3 na ya uzamili miaka 2. Masomo mengi ya shahada ya kwanza hufundishwa kwa lugha ya nchi, na mgeni hutakiwa kuonyesha cheti cha lugha, kama Tisus kwa Kiswidi. Programu nyingi za uzamili hutolewa kwa Kiingereza, lakini si zile za lugha na fasihi ya nchi.

Wanafunzi kutoka nje ya Ulaya walianza kutozwa ada Denmark mwaka 2006, Uswidi mwaka 2011 na Norwei mwaka 2023. Kwa hiyo maelezo ya zamani kwamba elimu ya huko ni bure kwa wote hayafai kutegemewa tena. Ngazi ya uzamivu ni tofauti. Mtafiti huajiriwa kwa mshahara, ingawa nafasi ni chache na ushindani ni mkubwa.

Wahitimu hufanya kazi za ualimu, tafsiri, uchapishaji, maktaba, makumbusho, ubalozi na mashirika ya kimataifa. Nje ya Skandinavia idara za somo hili ni ndogo, na baadhi ya vyuo huziunganisha na idara za Kijerumani.

Tazama pia

- Skandinavia
- Isimu
- Waviking
- Kiswahili Sanifu