Mbio za farasi: mvua ikinyesha, bingwa hubadilika

GOMA – Kijana anayeshusha viazi kwa chukudu kutoka Kibumba hahitaji mwalimu wa kumweleza nguvu ya ardhi. Barabara ikiwa kavu, anapanda juu ya ubao na kuiacha chukudu iteremke yenyewe. Mvua ikinyesha, anashuka, anaishika kwa mikono miwili na kutembea nayo polepole, maana akikosea mara moja tu, mzigo unamwagika na mguu unaumia. Mtu ni yuleyule, mzigo ni uleule, chukudu ni ileile. Kilichobadilika ni kile kilicho chini ya gurudumu.

Kwenye mbio kubwa za farasi mambo ni hivyohivyo. Lakini watu wengi wanaoweka pesa juu ya farasi kwa simu zao hawaulizi swali hilo. Wanaangalia jina la farasi, wanaangalia bei, wanalipa. Jioni wanashangaa: yule aliyeshinda mara zote ameshindwa namna gani leo? Mara nyingi jibu lilikuwa limeandikwa tangu asubuhi, kwenye mstari mmoja mdogo unaoeleza hali ya kiwanja.

Mji wetu hauna kiwanja cha mbio za farasi. Mawe ya Nyiragongo tunayoyakanyaga, yale ya zamani na yale yaliyoshuka Januari 2002 na Mei 2021, yangevunja miguu ya farasi wa mbio kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza. Lakini mbio za Ulaya zinatufikia kupitia skrini, na pesa ya Goma inaenda huko. Ndiyo maana ni vizuri kujua kinachotokea chini ya kwato.

Enable na mvua ya Paris

Mfano unaojulikana zaidi ni wa farasi jike aitwaye Enable. Alikuwa akifundishwa na Mwingereza John Gosden na kupandwa na Muitaliano Frankie Dettori. Mwaka 2017 alishinda Prix de l'Arc de Triomphe, mbio kubwa kuliko zote Ufaransa, ambayo hukimbiwa siku ya yenga ya kwanza ya mwezi wa kumi kwa umbali wa mita 2.400. Mwaka 2018 alishinda tena. Tangu mbio hiyo ianze mwaka 1920, hakuna farasi aliyewahi kuishinda mara tatu. Mwaka 2019 watu wengi waliamini kwamba Enable ndiye atakayefungua ukurasa huo.

Kisha mvua ikanyesha juu ya Paris. Kiwanja cha Longchamp kikalainika mpaka Wafaransa wakakitaja kuwa «très souple», yaani laini sana. Enable alikimbia vizuri, akashika mbele kwenye mstari wa mwisho, na watu wakaanza kushangilia. Zikiwa zimebaki mita chache, miguu yake ikawa mizito. Farasi wa Ufaransa, Waldgeist, akamfuata kutoka nyuma na kumpita.

Mwaka 2020 Enable alirudi. Alikuwa amefikia miaka 6, umri mkubwa kwa mbio za namna hiyo, na kiwanja kilikuwa kibaya kuliko mwaka uliotangulia. Siku chache kabla ya mbio, farasi mwingine aliyetegemewa sana, Love, aliondolewa na mwalimu wake Aidan O'Brien kwa sababu ya hali ya udongo. Enable alimaliza wa sita. Aliyeshinda ni Sottsass, kwa dakika 2 na sekunde 39.

Linganisha na mwaka 2011. Kwenye kiwanja hichohicho kikiwa kikavu, umbali uleule, Danedream wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 24. Tofauti ni karibu sekunde 15. Kwa mwendo wa farasi wa mbio, sekunde 15 ni zaidi ya mita 200. Hiyo ndiyo kodi ambayo matope yaliwatoza farasi bora wa dunia.

Mwaka 2021 mvua ikanyesha tena, na matope yakamchagua farasi ambaye watu wachache walimtazama. Torquator Tasso, naye wa Ujerumani, alishinda wakati bei yake ilikuwa zaidi ya 70 kwa 1. Wengi waliita matokeo hayo muujiza. Lakini waliofuata mbio zake za nyuma walijua kwamba ni farasi anayependa udongo mzito, na siku hiyo udongo ulikuwa mzito.

Chini ya kwato kunatokea nini?

Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 500 hivi na anaweza kupita mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Anapokimbia kwa nguvu zote, kuna nukta ambapo mguu mmoja tu uko chini, na mguu huo unabeba uzito unaozidi mara mbili ya mwili mzima. Uzito huo wote unapita kwenye mfupa mwembamba na kwenye kano zilizo nyuma ya mguu.

Udongo mzuri unafanya kazi mbili. Kwanza unakubali kidogo, kwato inaingia na pigo linapungua. Kisha unakataa, farasi anapata mahali pa kujisukuma. Majani yenye mizizi mingi juu ya udongo wenye unyevu kiasi ndiyo yanatoa hali hiyo.

Udongo ukikauka sana, unakataa tu. Farasi anakimbia haraka, saa zinapendeza, lakini kila pigo linarudi kwenye mfupa na kwenye kano. Farasi mwenye miguu dhaifu anaanza kujizuia mwenyewe, na asipojizuia anaumia.

Udongo ukilowa sana, unakubali tu. Kwato inazama, na farasi anatumia nguvu kuitoa kabla ya kuitumia kwenda mbele. Hatua zinakuwa fupi. Mbio ya mita 2.400 inamchosha kama mbio ndefu zaidi, na farasi wa kasi aliyezoea kumaliza kwa mruko wa mwisho anakuta mruko huo haupo tena. Hapo anayefaidika ni mwenye pumzi ndefu na mwenye nguvu kwenye mapaja.

Hata umbo lina maneno yake. Watu wa mbio husema kwamba farasi mwenye kwato pana na anayeinua magoti juu huvumilia matope, na mwenye kwato ndogo anayeteleza karibu na ardhi hupendelea kikavu. Husema pia kwamba tabia hiyo hupita kutoka kwa baba na mama kwenda kwa mtoto. Hiyo si sheria bila ubaguzi. Workforce alivunja rekodi ya Derby ya Epsom, Uingereza, mwaka 2010 kwenye udongo wa kasi, na mwaka huohuo akashinda Arc kwenye udongo laini. Lakini farasi wa namna hiyo ni wachache.

Chuma kinachoangushwa chini

Hali ya kiwanja haikadiriwi kwa macho peke yake. Ufaransa wanatumia kifaa kinachoitwa «pénétromètre»: chuma chembamba kinachosukumwa ndani ya udongo kwa uzito wa kilo 1 unaoangushwa kutoka urefu wa mita 1. Wanapima sehemu nyingi za kiwanja, kisha wanatoa namba moja. Namba ikiwa karibu na 3, udongo ni mzuri. Ikipita 4, farasi wanaingia kwenye matope. Kutokana na namba hiyo yanatoka maneno ambayo msomaji wa Goma anayaelewa bila mkalimani: «léger», «bon», «souple», «collant», «lourd».

Uingereza wana fimbo yenye kompyuta ndani. Msimamizi wa kiwanja anaichoma ardhini kisha anaivuta upande, na fimbo inapima mambo mawili: kwato itazama kiasi gani, na udongo utashika kwa nguvu gani wakati farasi anajisukuma. Wakati wa kiangazi wasimamizi wanamwagilia majani maji ili udongo usiwe kama saruji. Tatizo ni kwamba hawajui kama usiku mvua itawaongezea maji mengine juu ya yale waliyomwaga.

Tena, kiwanja kimoja kinaweza kuwa na udongo wa aina mbili siku moja. Upande wa ndani, ambako njia ni fupi, hukanyagwa sana na huharibika mapema. Ndiyo maana siku ya mvua unaweza kuona wapanda farasi wote wakiiacha njia fupi na kuhamia mbali, mpaka karibu na watazamaji. Wanatafuta majani ambayo hayajakanyagwa. Namba ya mlango ambao farasi anaanzia inaweza kumsaidia au kumwangusha, kwa sababu aliye upande mbaya anatumia nguvu nyingi kabla ya kufika kwenye njia nzuri.

Nairobi, jirani yetu wa karibu

Kwa sisi watu wa Kivu, kiwanja kikubwa cha mbio za farasi kilicho karibu kiko Nairobi. Ni kiwanja cha Ngong, kilichofunguliwa mwaka 1954 na kinachosimamiwa na Jockey Club of Kenya. Mbio za farasi mjini humo zina zaidi ya miaka 100. Kiwanja ni cha majani, na mbio yake inayojulikana zaidi ni Kenya Derby ya mita 2.400, ya farasi wa miaka 3, ambayo kwa kawaida hufanyika mwezi wa nne.

Anayejua hali ya hewa ya Afrika Mashariki ataona tatizo mara moja. Mwezi wa nne ni katikati ya mvua ndefu za Kenya. Mwalimu anaweza kumtayarisha farasi wake miezi mingi kwenye udongo mkavu wa Januari na Februari, kisha siku ya mbio akakuta kiwanja kingine kabisa. Ulaya mvua inaweza kudondoka siku nzima kidogokidogo. Kwetu inaweza kushuka saa moja kwa nguvu, kisha jua likawaka. Asubuhi kiwanja ni laini, mchana kinashika kwato kama gundi.

Historia ya Nairobi ina mfano wake wa farasi na miguu. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kupata leseni ya kufundisha farasi akiwa bado msichana, alimleta farasi jike aitwaye Wise Child kwenye mbio ya St Leger mwaka 1926. Markham mwenyewe alisimulia baadaye, kwenye kitabu chake cha 1942, kwamba kano za miguu ya Wise Child zilikuwa dhaifu na zingeweza kukatika. Alimfanyisha mazoezi kwa tahadhari kubwa, na farasi huyo akashinda. Kwa mwalimu wa farasi, kujua ardhi ni kujua pia siku ya kusema «leo hatukimbii».

Wasipolipa watu, wanalipa farasi

Marekani mbio kubwa hukimbiwa juu ya udongo mtupu, bila majani. Kwenye kiwanja cha Santa Anita, karibu na Los Angeles, farasi 30 walikufa kati ya mwisho wa Desemba 2018 na Juni 2019, kwenye mbio na kwenye mazoezi. Msimu huo mvua kubwa isiyo ya kawaida ilikuwa imepiga California. Machi 2019 mbio zilisimamishwa ili udongo uchunguzwe.

Uchunguzi haukuweka lawama zote kwa mvua. Ulionyesha kwamba karibu wote waliovunjika mifupa walikuwa tayari na majeraha ya zamani ambayo hayakuonekana, na kwamba kulikuwa na shinikizo la kuendelea kukimbiza farasi. Ndiyo maana uamuzi wa kumwondoa Love mwaka 2020 una uzito. Mwenye farasi alikubali kuikosa mbio ya pesa nyingi kuliko zote Ulaya kwa sababu ya matope tu.

Kabla hujaweka pesa

Gazeti hili halimshauri mtu kucheza pari. Pesa ya minerval na ya chakula cha watoto haina nafasi kwenye mbio za farasi, hata kiwanja kiwe kizuri namna gani. Lakini anayecheza pesa yake ya ziada ana haki ya kujua anachokinunua. Aulize: kiwanja kiko namna gani leo, si jana? Mvua inatangazwa? Farasi huyu alishinda kwenye udongo gani? Kama ushindi wake wote ni wa kikavu na leo imeandikwa «lourd», sifa zake ni za siku nyingine.

Ajue pia jambo moja ambalo watu hulisahau. Mbio nyingi za farasi zinazoonyeshwa kwenye skrini za nyumba za pari, zile zinazoanza kila baada ya dakika chache, si mbio za kweli. Ni mchezo wa kompyuta. Hakuna farasi, hakuna majani, hakuna mvua. Hapo maarifa ya udongo hayasaidii kitu, kwa sababu mshindi anatoka kwenye hesabu ya mashine, na mashine imepangwa ili mwenye nyumba apate faida.

Kwenye mbio za kweli, angalau ardhi haifichi hali yake. Inapimwa, inaandikwa, inatangazwa kabla farasi hawajatoka. Yule kijana wa chukudu anaisoma barabara kila asubuhi kabla ya kupanda, na hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo. Anaisoma kwa sababu mguu ni wake.