Chai ya Zambarau Inaweza Okoa Ubongo wa Shosh? Cheki Hii Kwanza

Uko base hapa Kinoru, karibu na stadium, msee anakushow chai ya zambarau inaponya mikono ya kutetemeka. Kama una shosh ambaye kikombe kinamshinda kushika, hiyo story inakuingia haraka. Kabla utoe ganji, cheki venye mambo iko.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wako, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Nduthi ikichoma mafuta lazima itoe moshi, si ndio? Seli za neva nazo zikitumia oksijeni zinatoa takataka kali zinaitwa radikali huru. Walinzi wa kuzizima ndio antioksidanti, na mmoja wa wale wakubwa kwa ubongo ni glutathioni. Takataka zikizidi walinzi, seli zinaumia, zingine zinakufa. Kwa ugonjwa wa Parkinson, glutathioni huwa imepungua pale pale penye seli za dopamini zinakufia, zile zinasaidia kuongoza mwendo.

Sasa turudi kwa chai. TRFK 306 ni aina ya chai ya majani ya zambarau iliyotolewa na watafiti wa chai wa Kenya, ikafikia wakulima 2011. Hiyo rangi ni anthosiyanini, antioksidanti kali. 2014, watafiti Wakenya walichapisha matokeo yao: panya walipewa hizo anthosiyanini, zikavuka ule ukuta unaolinda ubongo, na glutathioni ikapanda. Hiyo si mchezo, juu dawa mingi hukwama hapo kwa ukuta.

Lakini panya si shosh. Marekani na Canada walijaribu vitamini E, antioksidanti pia, kwa utafiti wa wagonjwa 800 ambao Parkinson yao ilikuwa bado changa. Majibu yakatoka 1993: haikupunguza kasi ya ugonjwa.

So chai kunywa, na usupport wakulima. Lakini usiwahi achisha shosh dawa juu ya pakiti ya majani. Ukiona mkono unatetemeka akiwa ametulia, anatembea hatua fupi fupi, ama mwili umekaza, mpeleke Meru Teaching and Referral aonwe na daktari. Kuna levodopa, dawa ambayo ubongo hugeuza ikawa dopamini. Haiponyi, lakini inaweza mrudishia mkono wa kushika kikombe.

Kama doo inatosha kitu moja tu, nunua dawa.