Bohemian Rhapsody: wimbo ulioitwa mrefu kupita kiasi umevuka miaka 50

Dakika 5 na sekunde 55. Kwa mtu aliyekulia ndani ya rumba, huo si wimbo mrefu: ni muda ambao mwimbaji wa Kinshasa angali anawatupia marafiki zake mabanga, na sebene bado haijaanza. Lakini kule London, mwaka wa 1975, dakika hizo karibu sita ziliwatia wasiwasi wakubwa wa kampuni ya muziki EMI. Redio za Uingereza zilizoea nyimbo za dakika tatu hivi. Kwa mawazo yao, hakuna redio ingekubali kupiga kitu cha urefu ule, afazali kikatwe.

Wimbo huo ni Bohemian Rhapsody, wa kikundi Queen. Haukukatwa. Ulitoka tarehe 31 mwezi wa kumi 1975, na leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, kuna vijana wanaoujua kutoka mwanzo hadi mwisho wakati wazazi wao wenyewe walikuwa hawajazaliwa ulipotoka. Kwa nini huo, na si zile nyimbo za dakika tatu zilizotoka juma lile lile?

Mtoto wa Mji Mkongwe

Tuanze na mtunzi, kwa sababu anatoka karibu na sisi kuliko wengi wanavyofikiri. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 mwezi wa tisa 1946, na jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, wa dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa mtunza feza katika kazi ya serikali ya Waingereza kisiwani. Mtoto alipofikisha miaka 8, walimtuma India kwenye shule ya kulala, huko Panchgani. Ni pale alipojifunza piano, na ni pale alipoanza kupiga muziki na wanafunzi wenzake.

Alirudi Zanzibar mwaka wa 1963. Miezi michache kisha, mwezi wa kwanza 1964, mapinduzi yakalipuka, na familia ikakimbilia Uingereza. Farrokh alikuwa na miaka 17. Wasomaji wetu wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa maana ya kufunga mizigo kwa haraka na kwenda kuanza maisha upya kati ya watu wasiokujua. Bulsara walifikia Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana akasomea uchoraji, akabadili jina, na katika mazungumuzo na waandishi wa habari hakupenda kukirudilia kisiwa.

Hata hivyo, katikati ya Bohemian Rhapsody, waimbaji wanapobishana kwa sauti za juu kama watu walio mbele ya tribinali, neno moja linasikika waziwazi: bismillah. Wazungu wameandika kurasa nyingi wakijaribu kulieleza. Mtu wa pwani hahitaji kurasa hizo. Nyumba ya Bulsara haikuwa ya Kiislamu, lakini mtoto hawezi kukulia katika vichochoro vya Mji Mkongwe bila kulisikia neno hilo. Maana ya wimbo mzima, Mercury hakuieleza hata siku moja kwa uwazi. Tunachosikia ni kijana anayemwambia mama yake kwamba ameua mtu, kisha hukumu, hasira, na mwishoni uchovu. Kila mmoja anaujaza kwa maumivu yake mwenyewe, na mimi naona hiyo ni moja ya sababu haujazeeka.

Mkanda uliopitisha mwangaza

Mwaka ule wa 1975 Queen walikuwa na jina lakini hawakuwa na feza. Walikuwa wametoka katika ugomvi na wakubwa wao wa zamani, wakiwa na madeni, na meneja mpya, John Reid, aliwaambia waingie studio na kutumika. Walikuwa wane, na wote walikuwa wamefika masomo ya juu: Brian May alisoma fizikia ya nyota, Roger Taylor alianza na udaktari wa meno, John Deacon elektroniki. Gitari ya May aliitengeneza yeye na baba yake kwa mikono yao, shingo yake ikiwa ya ubao wa zamani uliotoka kwenye sehemu ya kuotea moto. Watoto wetu wanaotengeneza gitari kwa makopo ya mafuta wanaweza kuyasoma haya mara mbili.

Kazi ilianza mwezi wa nane katika studio ya Rockfield, inchini Wales, mahali penye mashamba na ng'ombe, kisha ikaendelea katika studio zingine. Mtayarishaji Roy Thomas Baker, aliyefariki mwaka wa 2025, alisimulia mara nyingi namna Mercury alivyomkaribisha nyumbani, akampigia mwanzo wa wimbo kwenye piano, kisha akasimama gafula na kumwambia kwamba hapo ndipo sehemu ya opera itaingia. Baker alifikiri ni mchezo.

Haukuwa mchezo. Wimbo huu hauna kiitikio kinachorudi. Unaanza na sauti tupu bila chombo, unaingia polepole na piano, unapanda na gitari, unageuka opera, unalipuka kuwa roki kali, kisha unalala tena na kuisha kwa pigo la kengele kubwa ya Kichina. Vipande vyote hivyo vilikuwa tayari ndani ya kichwa cha Mercury. Wenzake walirekodi piano, besi na ngoma, wakiacha matundu matupu pale ambapo sauti zingekuja, bila kujua vizuri nini kingewekwa ndani.

Sehemu ya opera peke yake ilikula karibu majuma matatu. Wengi wanaposikia lile kundi kubwa la waimbaji wanafikiri ni kwaya ya watu mia. Ni watu watatu: Mercury, May na Taylor. Taylor ndiye anayefika juu kabisa, pale ambapo utaapa ni mwanamke. Deacon hakuimba.

Wakati ule hakukuwa na kompyuta. Mkanda wa studio ulikuwa na njia 24, yaani nafasi 24 za kuweka sauti. Watu watatu wakiimba mstari mmoja, kisha wakiurudilia juu ya ule wa kwanza, kisha tena, njia zinajaa haraka. Basi fundi anazikusanya sauti nyingi na kuzimimina ndani ya njia moja ao mbili, kusudi zingine zibaki wazi, na waimbaji wanaanza tena. Walitumika hivyo saa 10 hadi 12 kwa siku. Inasemwa kwamba mirudio ilifika 180. Kila mara mkanda unapopita kwenye mashine, unga wake unakwaruzwa kidogo. Mwishoni waliuinua mbele ya taa na kuona mwangaza ukipita ndani yake: muziki ulikuwa karibu kufutika kwa sababu ya kutengenezwa.

Mara kumi na nne

Wimbo ulipokwisha, shida ya urefu ikarudi. Mtu aliyeimaliza hakuwa wa EMI. Ni Kenny Everett, mtangazaji wa Capital Radio mjini London na rafiki wa Mercury. Alipewa disiki kabla haijatoka, akiombwa asiipige kwenye redio, na kila mtu aliyemfahamu alijua ombi lile lingeishia wapi. Mwisho wa juma ule aliipiga mara 14. Siku ya kwanza ya juma lililofuata, watu walijaa madukani wakiomba kitu ambacho bado hakikuwa kinauzwa.

Kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi na moja, wimbo ulikaa kwenye nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma 9. Queen walikuwa wanajitayarisha kuzunguka na tamasha, na tena, kusimama kwenye televisheni na kujifanya unaimba sauti zile zote kungekuwa kichekesho. Wakatengeneza video kwa saa chache tu, wakiongozwa na Bruce Gowers. Zile nyuso nne zinazotoka gizani zimeigwa hadi leo. Video za muziki zilikuwako mbele yake, lakini hii ndiyo iliyowaonyesha makampuni kwamba picha inaweza kuuza wimbo.

Nyimbo nyingi hupata msimu mmoja, na kisha hubaki kwa wazee wanaokumbuka ujana. Huu umepata misimu mingi. Kwenye Live Aid, tarehe 13 mwezi wa saba 1985, Mercury alikaa kwenye piano na kufungua nao zile dakika 21 hivi ambazo wengi wanaziweka juu ya tamasha zote za roki. Mwaka wa 1991, tarehe 23 mwezi wa kumi na moja, alitangaza kwamba ana ukimwi. Kesho yake alikufa, akiwa na miaka 45. Wimbo ukatolewa tena, feza zake zikaenda kwa shirika la Terrence Higgins Trust linalopigana na ugonjwa huo, na ukakaa kwenye nafasi ya kwanza majuma 5 mengine. Ni wimbo wa kwanza uliokuwa namba moja wa Noeli mara mbili Uingereza, 1975 na 1991, kwa sauti zile zile.

Marekani walichelewa. Mwaka wa 1976 ulifika nafasi ya 9 tu. Ilipashwa kungoja filamu ya kuchekesha, Wayne's World, mwaka wa 1992, yenye vijana wanaotikisa vichwa ndani ya gari, kusudi upande hadi nafasi ya 2. Mwaka wa 2018 ikaja filamu yenye jina la wimbo wenyewe, na Rami Malek aliyecheza Mercury akapata Oscar. Mwisho wa mwaka ule kampuni ya Universal ilitangaza kwamba huo ndio wimbo wa karne ya 20 uliosikilizwa zaidi kwenye intaneti, mara miliari 1.6. Mwaka wa 2019 video yake ilipita miliari moja kwenye YouTube.

Zanzibar yenyewe ilisitasita. Mwaka wa 2006, sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu Mercury azaliwe ilizuiliwa kisha kikundi cha Waislamu kuipinga kwa sababu ya maisha aliyoishi. Mwaka wa 2019, nyumba ya kumbukumbu yake ilifunguliwa Mji Mkongwe, na watalii wanalipa kuingia.

Upande wa pili wa disiki

Kuna jambo moja ambalo wanamuziki wetu watalielewa haraka, wao wanaojua ni orkestra ngapi zimevunjika juu ya swali la nani aliandika nini, na wanaongoja kila mwaka kuona SOCODA itawagawia kiasi gani. Disiki ndogo ya wakati ule ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza uliwekwa Bohemian Rhapsody, kazi ya majuma na majuma. Upande wa pili uliwekwa wimbo wa Roger Taylor juu ya mapenzi ya mtu kwa gari yake. Aliyenunua mmoja alinunua yote miwili, na haki za mtunzi ziligawanywa sawa. Taylor akapata feza nyingi kama Mercury kwa wimbo ambao wengi hawakugeuza hata disiki kuusikiliza. Ugomvi wa namna hiyo uliwasumbua kwa miaka, mpaka walipokata shauri, kwa disiki The Miracle ya 1989, kwamba nyimbo zote zitaandikwa jina moja tu: Queen.

Mwaka wa 2023, karatasi ambazo Mercury alitungia Bohemian Rhapsody ziliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, London, kwa pauni karibu milioni 1.4. Ni karatasi za kampuni ya ndege iliyokufa, zimejaa maneno yaliyofutwa, na juu ya moja jina la wimbo bado ni Mongolian Rhapsody, kabla hajalikata. Mwaka uliofuata, vyombo vya habari vilitangaza kwamba Sony inanunua nyimbo za Queen kwa pauni karibu miliari moja. Wimbo huu, uliotungwa kabla ya mapatano yale ya jina moja, ungali unaandikwa kwa mtunzi mmoja: F. Mercury.