Tanganyika, Tangi Lenye Bomba Moja

Asubuhi ufuko wa Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, hauna nafasi ya kukanyaga. Ndagala, yaani dagaa, waliovuliwa usiku kwa taa wameanikwa mchangani, akina mama wanachota maji kwa mabidoni, na mita chache kutoka hapo mdiria mweusi-mweupe anaelea hewani, mabawa yanapiga mbio lakini kichwa kimetulia tuli. Mara anajitosa, anaibuka na samaki. Ghuba hii ramani huiita ya Burton, Mwingereza aliyepita huku mwaka 1858 akadhani rasi ya Ubwari ni kisiwa!

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha hadi mita 1,470. Duniani ni ziwa Baikal tu lenye kina kulizidi. Linabeba karibu asilimia 17 ya maji baridi yote ya juu ya ardhi ambayo hayajaganda. Lakini tangi hili lina bomba moja tu la kutolea maji, mto Lukuga pale Kalemie, nalo huziba. Msafiri Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umejaa tope na majani, maji hayaendi. Miaka mitatu baadaye msafiri mwingine, Joseph Thomson, aliukuta unakwenda kwa nguvu. Sehemu kubwa ya maji haitoki kwa mto, hupaa kwa mvuke. Wataalamu hukadiria kwamba maji hukaa ziwani wastani wa miaka 440.

Kwa hiyo kinachoingia hakitoki upesi.

Isitoshe, ukubwa huo unadanganya. Kuanzia kina cha mita mia moja au mia mbili hivi, kutegemea sehemu, maji hayana oksijeni, na samaki hawawezi kuishi. Karibu uhai wote umebanana juu na kandokando, na huko ndiko waliko ndege: mnandi, korongo, yangeyange, furukombe. Wanakula samaki wale wale wanaouzwa sokoni Baraka, ndagala na mukeke, na baadhi yao huzaana na kujificha kwenye matete. Matete hayohayo huzuia tope ambalo mto Mutambala huliteremsha kutoka milimani, hasa pale mashamba na makaa yanapomaliza miti.

Burundi imeutambua umuhimu wa mazingira kama hayo: delta ya Rusizi ni hifadhi ya taifa, na mwaka 2002 iliingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu. Tanzania iliiingiza ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi mwaka 2000. Upande wa Kongo, eneo la Fizi, hifadhi ya Itombwe, iliyoanzishwa mwaka 2006, inalinda milima yenye chemchemi za mito. Ufuko nao unastahili ulinzi huohuo, kwani ndiko watu wanakochota maji, na kipindupindu kimezoea kuvizia mji unaokunywa maji ya ziwa bila kuyatibu.

Mwaka 2024 nchi za ziwa zilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wapumue. Sasa machifu na wakulima wa bonde la Mutambala nao wayaache matete ya mdomo wa mto: yasifyekwe, yasichomwe, na jembe lisifike ukingoni.