Moshi wa gari lenye tabo: rangi zake na maana yake

Msikilizaji, gari kuukuu lenye tabo likianza kufuka moshi, neno la kwanza litokalo vinywani mwa wengi ni kwamba tabo imekufa. Nchini Uingereza, gharama ya kufunga tabo mpya katika gari la miaka 20 yaweza kuikaribia thamani ya gari zima, na si nadra mwenyewe kulipa fedha hizo kisha akarudi nyumbani na moshi uleule. Kabla ya kufikia hapo, yafaa kuutazama moshi wenyewe: rangi yake, harufu yake, na zaidi ya yote, wakati unapotokea.

Tabo si jambo jipya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905, na kanuni imebaki ileile. Moshi utokao kwenye silinda huzungusha gurudumu la mapanga, nalo limeunganishwa kwa shafti na gurudumu la pili linalosukuma hewa safi kuingia ndani ya injini. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili huletwa kwa nguvu ya pampu, lakini hurudi kwenye sampu kwa uzito wake tu, kama maji yatiririkayo kwenye mfereji.

Hapo ndipo penye fumbo la moshi wa buluu, ambao ni moshi wa oili inayoungua. Gesi zinazopenya kando ya pistoni hadi kwenye sampu hazina budi kutolewa kupitia mpira wa kupumulia. Mpira huo ukiziba kwa uchafu, shinikizo hupanda ndani ya sampu, oili ya tabo hukosa pa kushukia, na hatimaye hupenya kwenye bomba la moshi au la hewa. Chujio la hewa lililoziba nalo huweza kuivuta oili upande wa hewa. Katika hali zote mbili tabo yenyewe huenda ni nzima kabisa. Fundi anayetaka kuibadilisha bila kukagua mpira wa kupumulia na bomba la kurudishia oili, kwa maoni yetu, anastahili kuulizwa maswali.

Wakati nao hutoa ushahidi. Buluu inayoonekana asubuhi gari linapowashwa, kisha ikatoweka, aghalabu hutokana na sili za valvu. Inayoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta huelekeza kwenye ringi za pistoni. Kipimo cha mgandamizo wa silinda kitathibitisha. Ile inayotoka kama wingu baada ya kusimama kwa dakika kadhaa kwenye taa za barabarani yaweza kuwa ya tabo au ya sili za valvu. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, ondoa mpira wa hewa, ushike shafti kwa vidole. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Mapanga kugusa nyumba yake si kawaida hata kidogo.

Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha. Gari likipoteza nguvu huku likitoa mluzi au sauti ya hewa inayovuja, tafuta kwanza mpira uliopasuka kati ya tabo na injini, ndipo uwaze nozeli.

Mweupe huwachanganya wengi. Katika baridi ya Birmingham, mvuke mwembamba asubuhi ni maji yatokanayo na kuungua kwa mafuta. Katika joto la Muscat hauonekani. Lakini moshi mweupe usiokoma injini ikishapata moto, wenye harufu tamu, na maji ya rejeta yakipungua, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Katika dizeli, weupe wenye harufu ya mafuta wakati wa baridi huashiria plagi za kupashia joto au nozeli.

Lipo pia la hatari. Tabo ya injini ya dizeli ikivuja oili nyingi kuelekea upande wa hewa, injini huweza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, ikapaza kasi bila kudhibitika. Kuzima ufunguo hakusaidii. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa, kisha achia klachi ili injini izimike. Ikishindikana, au kama gari ni la otomatiki, toka na ukae mbali. Usifungue boneti.

Kwa walioko Uingereza, sheria nayo imekazwa: tangu Mei 2018, gari la dizeli lililoundwa na chujio la masizi hushindwa ukaguzi wa MOT likionekana kutoa moshi wa rangi yoyote ile.