Tunda la kukata: mfuniko unazuia nzi, hauzuii joto

Stendi ya Kahama, sokoni Katoro au njia ya machimbo ya Nyarugusu, biashara ni ile ile. Tikiti, papai na nanasi vimekatwa asubuhi, vikapangwa kwenye makopo angavu ya plastiki na kijiti juu. Mteja akiona kopo limefunikwa anajua yuko salama. Si lazima.

Kifungashio cha kwanza cha tunda ni ganda lake. Likishamenywa, maji yenye sukari yanatoka, na bakteria waliokuwa kwenye ganda, kisu au mikono wanapata chakula. Kopo linazuia nzi na vumbi, pia tunda halikauki. Lakini bakteria walioingia wakati wa kukata wamefungiwa humo humo. Likikaa juani ndiyo balaa: mwanga unapenya, joto linabaki ndani. Tunda nalo bado linapumua, na hewa ikipungua linaanza kuchacha. Ile harufu ya pombe ukifungua inatoka hapo.

Matunda hayaharibiki sawa. Nanasi, ambalo Geita wanalima kwa wingi, lina asidi nyingi inayowabana bakteria. Tikiti na papai vina asidi kidogo, hivyo salmonela huzaliana humo kirahisi. Kwa hiyo kwenye kopo la mchanganyiko, usihesabu muda wa nanasi, hesabu wa tikiti.

Muda wenyewe ni mfupi. Tunda lililokatwa linatakiwa likae kwenye nyuzi 5 au chini yake. Nje ya baridi lisizidi saa 2, na joto likipita nyuzi 32, saa 1 tu. Septemba na Oktoba, Shinyanga mchana huwa na joto kali. Tikiti la saa 2 asubuhi haliwezi kumsubiri mchimbaji anayetoka shimoni saa 8 mchana.

Asiye na friji atumie deli na chupa za maji zilizogandishwa. Barafu ya kumwaga juu ya matunda ni hatari, ikiyeyuka maji yake yanaingia kwenye chakula, na kanda hii inakijua kipindupindu. Hata deli huna? Weka matunda mazima kivulini, kata mteja akifika, kwa kisu na mikono iliyooshwa kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa.

Mnunuzi naye aulize limekatwa saa ngapi. Tikiti likiteleza kama lina ute, liache.