PS4 "haisomi CD": usikimbilie kurudisha hela

Wewe unayeuza PS4 za mtumba hapa Dodoma, meseji hii unaijua: "Boss, mashine haisomi CD, nirudishie hela yangu." Mzigo ulishafika Kondoa kwa basi. Nauli ya kuurudisha analipa nani?

Kwanza muulize ameweka CD gani. PS4 haipigi CD za muziki, na CD za gemu za PS3 haizisomi. Kama ni hizo, mashine ni nzima kabisa.

Kama ni gemu ya PS4 kweli, ajaribu nyingine. Ikisoma, ubovu uko kwenye ile CD: aifute kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda nje, asifute kwa kuzungusha. (Dawa ya meno hapana jamani, inakwangua.)

Zikigoma zote, shuku lenzi. Kwa vumbi letu la kiangazi, mashine iliyokaa karibu na dirisha hainusuriki. Ukienda kwa fundi, mwambie mapema: kwenye PS4 za mwanzo, akibadilisha deki, ile bodi ndogo ya deki ya zamani lazima ibaki, maana imefungamana na bodi kuu. Akiweka ya mashine nyingine, inawaka vizuri lakini gemu haisomi ng'o. Hapo mtaji wako umekwenda.

Mimi siku hizi sifungi boksi kabla ya kurekodi video: CD inaingia, gemu inafunguka, namba ya mashine inaonekana. Namtumia mteja kabla hajalipa.